My Happy Marriage ikitazamwa Kigoma: kelele zote kwa mama wa kambo, baba anapita pembeni

Dakika kumi za kwanza hazijaisha, banda zima la video limeshamchukia Kanoko. Huyo ndiye mama wa kambo katika My Happy Marriage, anime (katuni ya Kijapani) ya mapenzi na nguvu za ajabu, na kwa watazamaji wa mitaa ya Mwanga au Gungu mama wa kambo hana haja ya kutambulishwa mara mbili. Anaingia, anatoa neno moja la kejeli, na sauti za benchi la nyuma zinaanza: "Mwangalieni huyo! Mwangalieni!" Kisha, kama kuna mtu mzima kati ya watazamaji, linakuja swali.

"Kwani baba wa huyu binti alishakufa?"

"Hajafa, shangazi. Si ndiye huyo kakaa hapo."

Swali hilo la shangazi lina uzito kuliko matusi yote ya benchi la nyuma. Kanoko ana mdomo na ana mkono mwepesi, hilo halina ubishi. Lakini mzazi anayeiendesha nyumba ile, anayeamua nani avae nini, nani aolewe na nani na nani atoke na kifurushi kimoja mkononi, ni Shinichi Saimori, baba mzazi, ambaye hapigi mtu wala hapazi sauti. Watu wanatoka bandani wamemlaani mke wake, yeye wamemsahau. Tunaona wamekosea, ingawa anime yenyewe ina sehemu yake ya lawama katika kosa hilo.

Kwa ambaye hajaiona: ilianza kuonyeshwa Julai 2023, sehemu 12 za dakika kama 24 kila moja, kazi ya studio ya Kinema Citrus, wale wale wa anime ya Made in Abyss. Chanzo chake ni riwaya za Akumi Agitogi, zilizoanzia mtandaoni kabla ya kuchapwa vitabu mwaka 2019. Sizoni ya pili ilianza Januari 2025. Mahali ni Japani, katika zama zinazofanana na za Meiji na Taisho, mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20: magari machache barabarani, wanajeshi kwa sare za Kizungu, wanawake kwa kimono. Koo chache kubwa zinarithi vipawa vya ajabu vya kupambana na viumbe wa kutisha ambao macho ya kawaida hayawaoni. Katika koo hizo, mtoto asiyerithi kipawa anahesabiwa hasara.

Binti mwenyewe, Miyo, ana miaka 19. Mama yake, Sumi, wa ukoo wa Usuba, alifariki Miyo akiwa na miaka miwili. Baba akamuoa Kanoko, mpenzi wake wa zamani, wakamzaa Kaya. Kaya akaonyesha mapema kipawa cha kuona yasiyoonekana. Miyo hakuonyesha kitu. Tangu hapo Miyo akawa mtumishi katika nyumba ya baba yake, tena mtumishi asiye na mshahara wala siku ya kupumzika.

Sasa tazama baba anavyofanya kazi yake. Anawaita watu sebuleni na kutoa amri mbili katika kikao kimoja. Kaya ataolewa na Kouji Tatsuishi, kijana pekee aliyekuwa akimtendea Miyo kama mtu, na wawili hao watairithi nyumba. Miyo ataenda kwa Kiyoka Kudou, kamanda wa kikosi maalumu, miaka 27, mwenye sifa ya ukatili kiasi kwamba wachumba waliotangulia hawakumaliza siku tatu kwake. Basi. Haulizi mtu, hatoi sababu, haonyeshi hata hasira. Anagawa mabinti kama mtu anayegawa vyumba kwa wageni waliofika usiku. Miyo anainamisha kichwa na kuitikia.

Kanoko anapiga kwa sababu hana mamlaka yake mwenyewe. Anaazima ya mumewe, na kitu cha kuazima lazima ukionyeshe kila siku ili watu waamini ni chako. Shinichi hana haja hiyo. Kila kofi linalopigwa katika nyumba ile analisikia, maana kuta ni za karatasi, na hasemi kitu. Mtazamaji anayesubiri mzazi mkorofi apige kelele atasubiri sana kwa huyu.

Hapo ndipo tunapoilaumu anime. Ubaya wa wanawake wameuchora kwa karibu: jicho, kidole, chai inayomwagwa chini kwa makusudi ili Miyo aiinamie. Ubaya wa baba wameuacha kwa mbali, katika sentensi fupi. Mtazamaji wa kawaida hufuata kamera. Ndiyo maana ukiwauliza watu wiki moja baadaye jina la baba, hawalikumbuki.

Historia ya nyumba hiyo inatolewa kidogo kidogo, na ni rahisi kuipita ukiwa unanunua karanga. Shinichi naye aliozwa. Alikuwa na Kanoko wake, wazee wakamletea Sumi kwa sababu ya damu ya Usuba, akakubali. Kanoko akawekwa kando hadi Sumi alipofariki. Kwa hiyo Miyo ni ukumbusho wa ndoa ambayo baba hakuitaka na mama wa kambo hakuisamehe. Chuki ya Kanoko ina mzizi unaoonekana, ingawa mzizi hauhalalishi kumfungia mtoto stoo. Baba ni mgumu zaidi kumwelewa: mtu aliyeonja kuozwa kwa amri, akafika umri wa kutoa amri, akaitoa ile ile.

Kaya ndiye anayegombanisha mabenchi. Wapo wanaosema ni shetani mdogo, wapo wanaosema ni mtoto aliyeharibiwa na wazazi. Sisi tuko na kundi la pili, kwa sababu ya tukio moja. Akigundua kwamba Kiyoka si zimwi bali kijana mzuri wa sura na mali, anamwendea baba kuomba wabadilishane wachumba, kama mtu anayerudisha viatu dukani kwa kuwa vimembana. Ni nani aliyemfundisha kwamba mchumba ni kitu cha kubadilishana? Alimwona baba akigawa. Na tangu utotoni amekuwa rula ya kumpimia dada yake. Rula haina maisha yake.

Twende kwenye kifungua kinywa, maana hapo ndipo anime hii inapostahili sifa zake zote. Asubuhi ya kwanza kwa Kiyoka, Miyo anaamka mapema na kupika. Anaweka sinia mbele ya bwana wa nyumba. Kiyoka anamwambia aanze yeye kula. Miyo anasita. Kwake, mtumishi hali mbele ya bwana, tena wala hali kabla yake. Kwa Kiyoka, anayesita kuonja chakula alichopika mwenyewe ametia sumu. Anaondoka bila kugusa. Hakuna aliyesema uongo, hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na chakula kinabaki mezani kinapoa. Mtu yeyote aliyewahi kuona msichana wa kazi aliyetolewa kijijini akikataa kukaa kwenye kochi atakielewa kisa hiki bila maandishi ya tafsiri.

Baadaye Kiyoka anakubali kula, anasema kitamu. Neno moja. Miyo anaanza kulia. Usiruke hapo. Hakuna muziki mkubwa, hakuna kukumbatiana. Kuna mtu anayelia kwa sababu amesifiwa supu, na mwanaume aliyepigwa na butwaa, hajui amefanya kosa gani. Muziki ni wa Evan Call, na akili yake kubwa katika tukio hili ni kujua pa kunyamaza.

Hapa ndipo mtafsiri wa bandani huharibu. Tumerithi desturi ya kina Lufufu, wale watafsiri wa muvi, mtu ameshika kipaza sauti anaisimulia muvi kwa Kiswahili cha mtaani, na kwa muvi za ngumi hakuna raha kama hiyo. Lakini msimulizi huyo analipwa kwa kutonyamaza. Akikuta sekunde ishirini za kimya anazijaza: "Jamaa sasa anawaza, kumbe demu anajua kupika!" Anime hii nusu yake ni kimya. Ukiiweka chini ya msimulizi, unabaki na mama wa kambo na moto, basi.

Jambo la lugha nalo halijasemwa vya kutosha. Miyo anamwita Kiyoka "danna-sama". Danna ni mwenye nyumba, tajiri wa mtumishi, na pia ni mume. Kiingereza lazima kichague kimoja, na kikichagua, nusu ya maana inamwagika. Kiswahili hakina tabu: bwana. Bwana wa nyumba, bwana wangu, bwana na bibi. Miyo anaanza kulisema kama mtumishi na polepole anahamia upande wa pili bila kubadilisha neno, na mtazamaji wa Kigoma anayesikia Kijapani kwa sikio na kusoma Kiingereza kwa jicho anakosa kitu ambacho lugha yake mwenyewe ingempa bure. Yeyote anayepanga kuiwekea maandishi ya Kiswahili asihangaike na "mpenzi" wala "mheshimiwa". Aandike bwana tangu mwanzo hadi mwisho, aache neno lifanye kazi.

Vivyo hivyo kuomba radhi. Miyo anaomba radhi kila baada ya dakika mbili, na kwa Kiingereza zote zinakuwa neno moja, hadi watazamaji wanachoka naye: "Huyu naye samahani zimezidi." Kijapani chake kina ngazi. Kuna samahani ya kumpisha mtu njiani, kuna niwie radhi ya mtumishi, kuna ile ya kujitupa sakafuni na paji la uso kugusa mkeka. Ukizitafsiri kwa ngazi zake, unaona zinapungua uzito kadiri sehemu zinavyosonga. Kiyoka anamwambia mapema aache kuomba radhi hovyo, kwamba radhi ikizidi inakosa maana. Kwa binti aliyelelewa na Shinichi, hiyo ni amri ya kwanza katika maisha yake inayomfaidi yeye.

Halafu kuna mahari. Kiyoka anakwenda nyumbani kwa kina Saimori na kumwambia baba kwamba atatoa mahari nono, kwa sharti: waje wamwombe Miyo radhi ya kweli. Kwetu hapa, mahari anaitaja upande wa binti, na mshenga huenda na kurudi mpaka ngoma ikubali. Hapa mkwe ndiye anayeweka bei na sharti juu yake. Banda hugawanyika. Vijana wanashangilia. Wazee wanaguna kwamba mkwe hana adabu, huwezi kumwambia baba mkwe atubu ndipo umpe fedha. Na bado wazee hao hao, ukiwapa dakika, watakiri kwamba yule baba kasita kujibu. Kusita kule ndiko kunakomhukumu. Ameweza kumpeleka bintiye kwa mtu anayesemekana katili bila kupepesa. Kutamka pole kunamshinda.

Sehemu ya sita ndiyo kilele. Miyo anatekwa na kurudishwa kwenye stoo ya nyumba ya baba yake, ile ile aliyofungiwa utotoni. Kanoko na Kaya wanampiga wakitaka atamke kwamba anavunja uchumba. Anakataa. Huyu ni yule aliyeomba radhi kwa kupumua, na sasa neno moja tu lingemtoa pale, halitoi. Kiyoka anakuja na kipawa chake cha umeme, moto unashika, nyumba inateketea. Tahadhari kwa wenye watoto: kipigo hakikufichwa na giza la stoo linawatisha wadogo zaidi ya mazimwi. Chini ya miaka kumi na miwili tusingewaonyesha sehemu hiyo bila mtu mzima kukaa nao.

Adhabu zinazofuata ndizo zilizotuacha na kinyongo. Kaya anapelekwa kutumika katika nyumba yenye nidhamu kali. Baba na mama wanahamia shamba. Yaani binti anafundishwa adabu kwa jasho, na mzee aliyepanga yote anapata hewa safi. Watazamaji wachache hulalamikia hilo, kwa sababu moto umewatosha.

Neno la pembeni kuhusu mti. Uani kwa kina Saimori palikuwa na mcheri wa mama yake Miyo. Alipofariki ulikatwa, kimebaki kisiki. Mti huo unarudi katika ndoto zake. Ujiji, ambako miembe inasimama bado kwenye njia ya zamani ya misafara na inatajwa kwa heshima kama wazee wa mtaa, hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini mtu ataumia kwa kisiki.

Kuanzia sehemu ya saba hadi ya kumi na mbili mambo yanalegea. Anaingia Hazuki, dada yake Kiyoka, kumfundisha Miyo adabu za kiungwana, na huyo ni raha tupu. Kisha unakuja ukoo wa Usuba, unaoishi kwa kujificha chini ya jina la Tsuruki kwa sababu vipawa vyake vinagusa akili za watu. Anakuja binamu, Arata. Inakuja siasa ya mfalme anayewaogopa. Maelezo yanakuwa marefu, watu wamekaa wanaelezana, na waliokuja kwa mapambano wanaanza kutoka nje kuvuta hewa. Inafichuka kwamba Miyo ana kipawa, cha ndoto, na mama yake ndiye aliyekifunga. Wazo ni zuri: hata mama mwema alimwamulia mtoto bila kumuuliza, na kwa kumlinda akamwacha mikononi mwa watu waliomdharau kwa kukosa kile kile kilichofungwa. Anime inaligusa wazo hilo na kuliacha haraka. Tungependa sehemu nzima juu yake na nusu sehemu juu ya mfalme.

Sizoni ya pili inaleta mzazi mwingine, na safari hii ni mavyaa. Fuyu, mama yake Kiyoka, anampokea Miyo kwa dharau, anamvalisha nguo za kijakazi na kumpa kazi za nyumba. Kwa Kanoko watu wote walikuwa upande mmoja. Kwa Fuyu hawako. Wapo akina mama watakaosema mwali lazima apimwe, na kwamba ukimwona mke wa mwanao anashika ufagio bila kununa umepata jibu lako. Mabinti watawajibu kwamba kupimwa kuna mwisho. Ubishi huo unanoga kuliko mapambano yote ya sizoni hiyo, na sababu ni kwamba wabishi wote wawili wako ndani ya nyumba moja. Kitu kingine: Miyo hamkimbii Fuyu. Anashika ufagio kwa kuamua mwenyewe. Kazi ni ile ile aliyofanya kwa baba yake, mikono ile ile, lakini sasa ana pa kurudi. Tofauti hiyo haikupigiwa tarumbeta, inaonekana tu mgongoni mwake anavyofagia.

Sasa namna ya kuitazama, maana nusu ya malalamiko tunayoyasikia ni ya chombo, si ya hadithi.

Njia halali ni Netflix, maandishi kwa Kiingereza, na sauti ya Kiingereza ipo kwa asiyetaka kusoma. Tunashauri Kijapani, sauti ya Reina Ueda kama Miyo ni karibu pumzi, na ndiyo inayobeba zile ngazi za radhi. Kwa bando la simu hesabu ni hii. Ukiweka matumizi ya data kwenye hali ya kubana, GB 1 inakupa kama saa 6. Ukiiacha ijichagulie, kama saa 4. Sehemu 12 ni karibu saa 5. Kwa hiyo sizoni nzima inakula takriban MB 800 ukibana, na kama GB 1.2 usipobana. Ukiweka ubora wa juu kabisa GB 1 inaweza kwisha ndani ya dakika 20, na kwenye kioo cha simu cha inchi sita hutaona faida yake.

Anayesafiri kwa treni kwenda Tabora au kwa boti toka Kibirizi apakue kabla, ubora wa kawaida, na ahakikishe kila sehemu imefika mwisho kwa kuifungua sekunde chache akiwa amezima data. Zima pia kile kipengele cha kupakua chenyewe sehemu inayofuata. Kinafuta uliyomaliza kutazama na kusubiri mtandao kushusha nyingine. Mkiwa wawili na simu moja, wa pili anakuta sehemu yake imeondoka na mtandao hakuna.

Nakala za flash zinazozunguka mjini si halali na zina maradhi yake. La kwanza ni kupewa kitu kingine: kuna filamu ya waigizaji halisi ya mwaka 2023 yenye jina hilo hilo. Ukiona faili moja la karibu saa mbili badala ya mafaili 12, siyo hii. La pili ni sauti kutoka bila picha kwenye runinga za zamani; video imebanwa kwa HEVC, mtindo mpya zaidi wa kubana video, na runinga haiujui. Flash haina kosa, usiibadilishe. La tatu ni maandishi kutoonekana kabisa: runinga nyingi zinataka faili la maandishi liwe na jina sawasawa na la video, herufi kwa herufi, na likae kwenye folda moja nayo.

La nne ndilo linalowatesa watu zaidi, maandishi kutofuatana na midomo. Kuna aina mbili na dawa zake hazifanani. Yakichelewa kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho, fungua kwa VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta, ubonyeze G au H. Kila bonyezo linayasogeza milisekunde 50. Lakini yakianza sawa kisha yakazidi kuachana hadi mwishoni yamepishana karibu dakika nzima, hapo kusogeza hakusaidii. Faili lilitengenezwa kwa video ya picha 25 kwa sekunde na yako ni ya 23.976. Tofauti ni kama asilimia 4, na asilimia 4 ya dakika 24 ndiyo hiyo dakika. Tafuta faili lingine.

Kwa wenye mabanda: msionyeshe mchana. Ndoto za Miyo na stoo vimechorwa kwa weusi juu ya weusi, na mwanga unaopenya kwenye matundu ya bati unakula picha yote. Watu wanalipa kusikiliza redio. Subirini magharibi ipite. Kwenye runinga ondoeni ule mpangilio wa rangi kali wa kuonyeshea mpira, rudisheni wa kawaida, pandisheni mwanga kidogo. Spika nazo: besi iliyowekwa kwa ajili ya bongo fleva inaimeza sauti ya Miyo, na jenereta ikiwa mlangoni haibaki hata herufi. Shusheni besi, pandisheni sauti za kati, jenereta iende nyuma ya ukuta.

Na kama jioni ni moja tu, onyesheni sehemu sita za kwanza bila kuruka. Ni saa mbili na dakika kama ishirini na nne, zinaanza na chai iliyomwagwa na kuishia na nyumba kuungua, watu wanarudi nyumbani wameshiba. Sita za mwisho ziwekeeni siku yake, kwa wachache watakaorudi kuuliza yule baba aliishia wapi.